Wa Kuombewa Kila Jumapili

Jumapili, 9 Machi
Misa ya kwanza, kisha cherehani mpaka saa tisa. Mama alipitia dukani kununua sabuni na dawa ya meno za Safari. Huyo Safari ndiye aliyemuua kaka yangu Charo kwa panga, ugomvi wa mpaka wa shamba, hapa hapa Kakuyuni. Mwaka wa nane huu. Alihukumiwa kifo. Mama humtembelea gerezani kila mwezi na akina mama wa parokia. Anamwita mwanangu.
Kwenye maombi ya waumini Safari katajwa tena kwa jina. Charo hakutajwa. Mimi ndio usiseme.

Jumanne, 11 Machi
Mama karudi kutoka gerezani, kachoka lakini uso unang'aa. Safari goti linamuuma. Safari amejua kusoma. Safari amekonda. Mgongo wangu unaniuma tangu Krismasi kwa kuinamia cherehani, hajauliza.
Nina wivu. Haya, nimeandika. Namwonea wivu muuaji.

Alhamisi, 13 Machi
Jumuiya ya sala ilikutana kwetu. Mimi katibu, ndiye msomaji. Mada: adhabu ya kifo. Katika kitabu chetu cha mafundisho kuna fungu la zamani lililoiruhusu, ingawa kwa nadra sana. Katekista alilifunika kwa karatasi yenye fundisho jipya: haikubaliki, kwa kuwa hata aliyeua bado ana utu wake. Asubuhi niliibandua karatasi kwa mvuke wa birika. Jioni nikasoma lile fungu la zamani, kwa sauti safi.
Mzee Karisa alifurahi. Mwalimu Wanjiru, mtu wa bara, akauliza Kanisa linawezaje kusema hivi leo na vile kesho. Katekista akajibu kwamba halikugeuka, limeelewa zaidi. Kisha akakichukua kitabu, akapapasa gundi kwa kidole. Akaniangalia. Niliona haya, lakini si sana.
Halafu Mama, ambaye huwa hachangii, akasema: "Nimezika mmoja. Msinizikie wa pili."
Watu wakafuta machozi. Mimi nilikwenda jikoni. Mama alizaa wawili tu. Wa pili ni mimi.

Jumatatu, 17 Machi
Mahakama itaisikiliza upya hukumu ya Safari. Afisa wa probesheni anakuja Ijumaa kuhoji familia ya marehemu kwa niaba ya mahakama. Msimamo wa Mama unajulikana. Kwa simu afisa alisema anataka pia kumsikia dada.
Sasa Mama ananipikia. Jana samaki wa kupaka, leo wali wa nazi na mbaazi. Najua anampikia nani. Nimekula vyote.

Alhamisi, 20 Machi
Nitasema hukumu ibaki. Nimeshaamua. Hawanyongi siku hizi, lakini ibaki vivyo hivyo, imkae shingoni.

Ijumaa, 21 Machi
Afisa ni kijana mpole. Alimsikiliza Mama kwanza, kisha akabaki na mimi barazani. Akaniuliza nataka nini. Miaka minane, na wa kwanza kuniuliza ni mtu wa serikali.
Nilifungua kinywa niseme ibaki. Hapo nikawaza: aliyehukumiwa kifo anaombewa kila Jumapili. Anapelekewa sabuni. Akifia mle na hukumu yake, Mama atamfanya mtakatifu, nami sitamweza tena. Lakini mfungwa wa miaka thelathini, nani humkumbuka?
"Iondolewe," nikasema. "Apewe miaka, kama wafungwa wengine."
Akaandika. Hakuuliza kwa nini.

Jumapili, 23 Machi
Mama amewaambia watu wote nimesamehe. Katekista kanipa mkono, akaushika kwa muda mrefu. Wanjiru alilia.
Tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama na mimi. Alinishika mkono njia nzima, kama mtoto mdogo. Hakumtaja Safari hata mara moja.
Sikumwambia kwa nini nilisema iondolewe.