Mlango Uliogeuka Meza

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kabla sijakukasirikia, maana nikianza na hasira nitasahau adabu, na mama hakutulea hivyo. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Wale watoto bado wanagombania kulala upande wa dirishani? Sisi huku tu wazima. Mguu wa mama sasa unamtii. Anatembea hadi mlangoni na kurudi kwa fimbo moja, na fimbo yenyewe anaitumia zaidi kunionyesha vumbi kuliko kutembelea. Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho sikielewi. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unakumbuka nilipomchukua mama kutoka hospitali, alisema vyumba vyangu viwili vinafanana na mahali pa kusubiri kuitwa jina. Alisema kweli. Palikuwa na kitanda, jiko na kiti kimoja cha plastiki. Nikaamua kupapamba, ila vitu vya dukani si vya mtu anayepiga pasi mashuka ya hospitali. Basi nikaanza na mashuka hayohayo. Yakichakaa, sisi wa chumba cha kufulia huruhusiwa kuyachukua. Nikayachovya kwenye rangi ya machungwa, nikashona mapazia. Rangi ilikubali kila mahali isipokuwa juu ya muhuri wa hospitali. Mama alipoamka akatazama dirishani, akasema yeye katoka hospitali, kumbe hospitali nayo imeamua kumfuata.

Sikukata tamaa. Kila Jumamosi nikawa niko kwenye uwanja wa vitu vilivyotumika, kwa muuzaji mmoja tunayemwita Bado Nzuri, kwa sababu hivyo ndivyo anavyosema juu ya kila kitu, hata kiti chenye miguu mitatu. Kwake nilipata kreti za soda nikazigeuza rafu. Ngoma ya kuviringia waya wa umeme nikaivalisha godoro dogo, ikawa stuli ya mama ya kupumzishia mguu. Vioo vitatu vya pikipiki nikavipanga ukutani. Mama akajiona mara tatu, akasema mara moja ilitosha, lakini alikuwa anacheka. Siku hizo ndipo alipoanza kukiita chumba kile sebule, mwenyewe, bila kuombwa.

Ikabaki meza, tulikuwa tunakula sahani magotini. Bado Nzuri alikuwa na milango ya nyumba zilizobomolewa ameiegemeza ukutani, yote kaipaka rangi nyeupe ili ifanane na mipya. Nikachagua mmoja, mzito kuliko wenzake. Seremala jirani yangu akaupigia miguu kwa mbao za kitanda kilichovunjika, akanikabidhi msasa, akasema kazi ya kutoa rangi haihitaji fundi, inahitaji mtu mwenye mawazo mengi. Nikakaa barazani nikasugua. Chini ya nyeupe palikuwa na kijani, chini ya kijani kahawia. Nikafika pembeni, upande wa bawaba, nikapuliza vumbi, nikaona namba zimepangana kwenye mbao: saba, nane, tisa.

Kaka, nadhani umeshajua nasema nini. Marehemu baba aliweza kufungua saa ya mkononi na kuirudisha bila kupoteza hata skrubu moja, lakini mlango ulimshinda. Alitoboa tundu la kitasa upande wa bawaba, akagundua kosa akiwa keshamaliza. Akaliziba kwa kipande cha rula yako ya shule, na kesho yake ukachapwa kwa kwenda darasani bila rula. Akapaka rangi juu yake na kutuapisha tusimwambie mtu. Hata hivyo nilikaa pale chini na msasa mkononi, nikijiambia huenda yupo baba mwingine aliyekosea hivyohivyo, mwenye mtoto mwingine mwenye rula.

Kilichonivuruga zaidi ni kwamba siku nne kabla ya hapo ulikuwa umenipigia simu. Ulisema umepita nyumbani kwa mama, umefagia, na umefunga mlango kwa mkono wako mwenyewe. Mlango upi, kaka? Mlango ulikuwa kwangu barazani, hauna hata kitasa. Nikarudi kwa Bado Nzuri kumuuliza alikoutoa. Akasema aliununua pamoja na madirisha na mabati siku nyumba ilipobomolewa, na mwenye nyumba alikuwepo amesimama kando, mwanamume mrefu, anapiga mluzi muda wote. Nikamwomba anipigie huo mluzi. Akajaribu. Haukufika mbali, nikautambua kuwa ni wako, nikamwambia basi, inatosha.

Tangu hapo sijui nishike lipi. Asubuhi nasema kaka ana sababu, labda ule ukuta wa jikoni uliopasuka hatimaye uliporomoka. Ikifika mchana nasema hapana, ukuta ukipasuka mtu huita mwashi, haiti lori. Kazini nimeunguza mashuka mawili, hadi msimamizi akaniuliza kama nimepata mchumba. Ninayemfahamu mimi ni kaka aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenye matope. Huyu aliyesimama kando akipiga mluzi simjui. Ungenificha mimi tu, ningesema ni mambo ya kaka na dada. Lakini umemficha mama, na nyumba ni yake, si yetu. Kwa nini?

Yeye hajui. Meza nimeifunika kwa kitambaa kirefu, kinakaribia kufagia sakafu. Ameniuliza kwa nini nilisugua mbao wiki nzima kisha nikazivisha nguo, nikamwambia siku hizi ndio mtindo. Akasema mtindo huu ni wa wendawazimu, akavuta sahani yake. Anakula juu ya mlango wake mwenyewe mara tatu kwa siku, nami namtazama.

Nilitaka barua hii iwe ya kukulaumu wewe tu, lakini nyani haoni kundule, na mimi langu nimeliona. Nilipoziona zile namba nikaelewa kwamba nyumba haipo tena, kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni hakikuwa uchungu. Nilifurahi, kaka. Nilisema moyoni, sasa mama hana pa kurudi, atabaki na mimi. Baadaye nililia, tena sana, lakini furaha ndiyo iliyotangulia. Kumbe yale mapazia na vioo na kreti havikuwa vya kumliwaza mgonjwa. Nilikuwa napamba ili asiondoke. Miaka yote hii nimeishi peke yangu nikijisifu kwamba nina utulivu, na sikujua ule ni upweke mpaka alipokuja mtu wa kunigombeza. Wiki tatu nimenyamaza, na sikunyamaza kwa kumhurumia mama. Uongo wako ulinifaa, nami nikautumia.

Sasa haunifai tena. Juzi daktari alimpima, akasema mguu umepona na anaweza kwenda kwake. Toka siku hiyo mama anapanga nguo na kuzipangua, na kila mpangaji wa hapa keshaagwa mara mbili. Mimi namkunjia kanga zake, nikikosea naanza upya, naye anadhani nalilia kuachwa. Njoo kabla ya Jumamosi. Usipige simu, njoo kwa miguu yako. Tutamkalisha mezani, nitakiondoa kitambaa, wewe utasema lako na mimi nitasema langu. Sijui atatufanya nini. Akitaka kutulaani na atulaani wote wawili tukiwa mbele yake, kuliko kumwacha apande gari kwenda kusimama kwenye kiwanja kitupu.

Wifi mpe salamu zangu, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Seremala naye anakusalimu, ingawa hakujui. Mama yuko hapa ubavuni, hana miwani na hajui ninachoandika, ila amesema nisiifunge barua bila neno lake. Anakusalimu sana. Anasema Jumamosi anarudi nyumbani, ufungue madirisha mapema vyumba vipate hewa, na anakuombea kwa Mungu kila siku kwa jinsi ulivyomtunzia nyumba yake.

Ni mimi,
mdogo wako.