Maji Yangu Yana Adabu

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nna miaka themanini na tatu. Nishazika wake wawili, daktari aliyesema moyo wangu mbovu, na gari tatu za Kijapani. Mimi nimo. Na mdimu wangu hapa Ansab haunifii!

Badr mwanangu anataka kutandaza vigae bustani nzima, aegeshe gari la pili. Tumekatana maneno. Kasema mvua ya kwanza ikinyesha, shimo ntalouchimbia mdimu likaweka maji mpaka asubuhi, vigae hatii. Likikauka — khalas, Baba, mdimu unakatwa.

Nimeanza leo leo. Maji ya paa yateremke na mlizamu, yapite mferejini, yalale shimoni, mdimu unywe. Badr kaniletea fundi na pimamaji lake. Nimemfukuza. Pimamaji la nini, na jicho langu lipo!

Jumatano, 5 Februari
Shimo tayari. Jembamba, refu sawa na mimi. Nimelala ndani kulipima. Raha! Jirani Thani kachungulia ukutani. Kasema inna lillahi, katoweka.

Alasiri watu wamejaa, na halwa. Dada yangu Kheiria katoka Darsait analia. Kaka, umejichimbia mwenyewe, sisi hukutuamini? Nikamwambia, mwanamke we, hili la maji! Ndo kwanza akapiga ukelele — na maji ya kukoshewa keshajiwekea!

Halwa nimekula nyingi mimi. Matanga yangu, ale nani?

Ijumaa, 7 Februari
Mawingu milimani. Thani kaja kutaka radhi. Kisha kaongeza shimo limekaribia mno ukuta, na majlisi yake ya kukaribishia wageni iko chini. Nikamwambia maji yangu yana adabu, hayaingii kwa mtu bila hodi.

Jumamosi, 8 Februari
Mvua! Shimo limejaa pomoni. Nimepiga vigelegele, mwanamme mzima!

Mara ukelele kwa Thani. Ukingo wa upande wake umemeguka, maji yanapita chini ya ukuta, yanaingia majlisi. Bila hodi. Nimetia mchanga, umekwenda. Nimetia mto wa kulalia wa Badr, umekwenda. Nimekaa mwenyewe penye pengo. Kimya! Makalio yangu yamefunga barabara.

Badr anasema toka, Baba, hapo lililoweka maji si shimo, ni wewe. Nikamwambia mimi ndo ukingo. Mpaka asubuhi. Thani juu ya ukuta ananiomba, mzee wangu, usinyanyuke, zulia langu la Kiajemi!

Maji kitovuni. Naandika juu ya ndoo. Nakanwagi, binti wa Kiuganda anayetusaidia kazi za nyumba, kashika mwavuli daftari lisirowe. Baba, unatetemeka, anasema. Sitetemeki! Kheiria kapigiwa simu, yuko njiani, keshaanza kulia.

Anayebisha kama maji yamekaa aulizwe Nakanwagi. Aulizwe Badr, japo ana ubishi, sijui kautoa wapi. Na Thani yupo hapo hapo, kila nkitaka kupiga chafya anakumbatia ukuta, na hii nyengine inakuja, anasema bwana we, tafadhali, shik—