Bomba Dogo la Mwisho

Kleine Breedstraat 6,
Dokkum.
9 Desemba 1956

Mpendwa Kaka Wiebe,

Hujambo, na wifi Aukje hajambo? Mtoto ameshaota jino? Sisi huku afya tunayo, baridi tumeizoea, na Mama bado anaapa kwamba huko Kanada hakuna ajuaye kupika supu ya njegere.

Kaka, nina jambo linaloninyima raha, na Mama halijui. Baba hasikii.

Maneno bado anayapata akikutazama mdomo. Zilizomkimbia ni sauti nyembamba. Mwezi uliopita tulikuwa tunalinganisha sauti za kile kinanda kipya cha kanisa, kikubwa kama chumba, yeye ndani kwenye mabomba yanayotoa sauti, mimi nje kwenye vibao, kama ulivyokuwa ukifanya wewe zamani. Nikabonyeza kibao cha mwisho kabisa. Lile bomba dogo lisilozidi kidole likalia mpaka meno yakaingia ganzi. Baba akafoka kutoka ndani, "Tjitske! Umelala? Bonyeza basi!"

Nilikuwa nimebonyeza, Kaka.

Tangu siku hiyo nasikiliza mimi. Sauti ikikaa sawa nagonga ubao kwa goti, naye anaacha. Hajauliza kwa nini nagonga, nami sijasema.

Ila mficha maradhi kifo humuumbua. Alhamisi anakuja mkaguzi wa vinanda, Bwana Hoekema. Desturi unaijua: mkaguzi huketi mwenyewe kwenye vibao, na fundi huingia ndani kurekebisha kila bomba atakalolitaja. Nani atamgongea Baba? Jina alilolijenga miaka thelathini na minne litakwisha asubuhi moja, mbele ya wazee wa kanisa, na kazi nyingine hajui.

Jana tukinywa kahawa aliniwekea mezani koni yake ya shaba ya kugongea ncha za mabomba mpaka sauti ikae sawa, ile aliyokuchapa kwa kuigusa tu.

"Alhamisi utaingia wewe," akasema.

"Na Hoekema akiuliza?"

"Mwambie mzee kanenepa, hapiti mlangoni." Akacheka peke yake.

Kumbe alijua muda wote! Koni hiyo sijawahi kuishika, na pigo moja baya hupasua bomba. Niombee, Kaka.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi Froukje pia. Mungu awakinge na theluji ya huko.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Tjitske

N.B. Ile simu uliyoahidi kumpigia Baba Krismasi, usipige. Andika.