Ng'ombe Aliyeachwa Nje ya Santuri

Eastleigh, Nairobi

Dada yangu Halima,

Salaam aleikum. Naanza na ng'ombe, maana Baba husema anayeulizia watu kabla ya ng'ombe ameshaharibiwa na mji. Wako salama? Malisho yapo? Kisima chetu cha mtoni bado kina maji, au mmeanza kuchimba tena? Haya, sasa watu: wewe, watoto, Mama na goti lake? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imekaa kifuani kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Barua uliyompa dereva wa lori la mbuzi imefika, na imekuja na harufu ya abiria wenzake. Kumbe Baba amekasirika tena kwa ajili ya wimbo wangu! Unajua nilivyoondoka nyumbani Sericho. Alisema, "Wimbo wa kisimani hauuzwi. Ukiuuza, usirudi kunywa maji yangu." Tangu siku hiyo hajanitumia hata salamu. Sasa nisikilize nikueleze santuri ile ilivyotengenezwa, ili ujue kosa ni la nani.

Mwenye studio ni mzee mmoja mnene wa River Road. Alinisimamisha mbele ya maikrofoni, katika chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akaniambia, "Haya msanii, imba." Nikafungua mdomo. Hakuna kitu! Wewe umekulia kisimani, unajua wimbo ule unaimbwa na mikono. Ndoo ikipanda, sauti inapanda; ukimpa mwenzako ndoo, unampa na neno. Mikono yangu ilikuwa inaning'inia tu.

"Sasa shida ni gani?" akauliza mzee.

"Nataka ndoo."

"Ndoo ya nini, bwana?"

"Iwe na maji. Na watu wa kupokezana."

Mpiga gita wangu, Mutiso, akamwambia, "Mzee, mletee tu hiyo ndoo tumalize. Mimi sijakula."

Ikaletwa ndoo ya kupigia deki. Tukajipanga, mimi, mfagiaji na karani wa ofisi, na sauti ikatoka yenyewe, mpaka mfagiaji akafunga macho. Ubaya ni kwamba alifunga macho huku ameshika ndoo. Maji yakaingia kwenye nyaya, taa zikazimika, na mzee akatutukana kwa lugha tatu. Mara ya pili tulipokezana ndoo tupu. Ukisikiliza vizuri utasikia kwamba haina kitu ndani.

Nikaimba nikiita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, kila mmoja kwa zamu yake ya kuja horini. Ghafla mzee akapunga mkono. "Simama! Nafasi imekwisha."

"Lakini ng'ombe hawajaisha."

"Ng'ombe gani?"

Nikamweleza. Akasema santuri si zizi. Nikamwambia basi apunguze gita. Mutiso akaweka gita chini. "Wewe punguza ng'ombe!"

Wakakata mkia wa wimbo. Na mkiani, Halima, ndipo alipo Dimtu, mwekundu wangu, ambaye hunywa wa mwisho kwa sababu hapendi kusukumana. Dimtu, mjukuu wa yule ng'ombe niliyepewa na Baba siku nilipokatwa kitovu! Nilibisha, lakini walishazima mashine.

Sasa nasoma barua yako na siamini. Baba, aliyesema redio ni sanduku la waongo, amenunua redio! Unasema yule mchungaji wa kuajiriwa anaimba kama mlango wa stoo na ng'ombe wanakunywa nusu nusu. Kwa hiyo Baba anaitundika redio mtini kando ya kisima saa ya matangazo ya Kiborana, na siku wakiupiga wimbo wangu, ng'ombe wanakuja horini mmoja mmoja kama wanavyoitwa. Wote, isipokuwa Dimtu. Anasimama pale, masikio juu, anangoja. Wimbo unakwisha, mtangazaji anaanza kusoma salamu za watu, naye anageuka na kuondoka na kiu yake. Mama anamfuata na sufuria, na goti lile! Na Baba ameichapa redio kwa fimbo.

Nilicheka sana hapo. Kisha nikafika kwenye maneno yake: "Mwandikie huyo nduguyo. Mwambie amemsahau ng'ombe wake. Mwambie amwite."

Huyo nduguyo! Halima, Baba amenitaja! Nililia palepale buchani ninapofanya kazi, kati ya mapaja ya nyama, na mama mmoja aliyekuja kununua matumbo akadhani ninamlilia ng'ombe. (Habari ya bucha usimsomee Baba. Mwambie nafanya kazi na ng'ombe.)

Nikamwendea mzee wa studio nimwombe arekodi upya na mkia wake. "Kwa ajili ya ng'ombe mmoja?" akaniuliza. Nikamjibu ni mmoja, lakini ni msikilizaji. Alicheka mpaka akakaa chini, na jibu likawa hapana.

Basi nimeomba ruhusa kazini. Lori linakuletea barua hii, na likirudi safari ijayo nitakuwa juu yake. Nitampelekea Mama dawa ya kuchua goti, na shangazi ugoro wake. Nisalimie watoto, na mume wako, na hata yule mchungaji. Mwambie anyamaze tu, ng'ombe watamshukuru.

Nitateremka mbali na kisima nije kwa miguu, nikiimba ule mkia waliokata. Usimwambie Baba kwamba ninakuja. Akimwona Dimtu amesimamisha masikio na redio imezimwa, atajua.

Ni mimi nduguyo,
Guyo