Aliyemwosha Dorkasi

Jumapili, 7 Julai 1996

Nimerudi kutoka semina ya akina mama na hasira mpaka binti yangu Sally akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Mgeni alitoka Kericho mjini, mama wa miwani, sauti nzuri. Alifundisha kwamba kila mwanamke aliyeokoka ana kazi yake, Mungu alimwekea kabla hajazaliwa. Nilimsikiliza kama mtu mwenye njaa. Swali la kazi yangu nimelala nalo na kuamka nalo tangu nibatizwe. Kisha akaanza kuzunguka: na wewe, kazi yako ni ipi? Mmoja akasema ni kuomba. Mwingine, kuimba. Ikafika kwangu. Nikafungua mdomo — Edinah, mwenyekiti wetu, akanijibia! "Huyu ni wa chai. Hakuna mtu anapika chai kama Mama Sally." Wote wakacheka. Mgeni akasema basi hicho ni kipawa cha ukarimu, akapita.

Chai! Imetuzunguka mpaka mlangoni. Naichuma Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili nawapikia wachungaji. Yaani Mungu aliniumba tumboni mwa mama yangu, akakaa, akafikiri, akasema: huyu, sufuria?

Na umoja wetu tumeuita Dorkasi. Yule wa Biblia alishonea wajane nguo. Sisi tunashonea nani?

Alhamisi, 11 Julai

Chepkemboi tumemzika leo. Mjane, nyumba yake ni ile ya chini karibu na mto. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya mpaka akaanza kukonda. Ugonjwa wake kila mtu anaujua na hakuna anayeutaja.

Nilifika asubuhi nikakuta watu wamejaa uani, na ndani yuko peke yake. Peke yake! Amelala vile alivyokata roho, blanketi chafu, mdomo wazi. Kaka zake wamekaa kwenye nyasi wakiangalia viatu vyao. Wanasema wamzungushie plastiki, wamtie kwenye sanduku hivyo hivyo. Gauni lake la kwaya, la bluu, limepigwa pasi, linaning'inia ukutani. Alilipiga pasi mwenyewe akiwa na nguvu, akasema azikwe nalo. Nani alimvisha? Hakuna. Mchungaji Kipruto akasema tuombe tu, Mungu haangalii nguo.

Haangalii? Basi mbona yeye huja na tai?

Nikasema nipeni maji moto. Hakuna aliyeinuka. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Dada wa zahanati alikuwa na glavu kwenye mkoba wake, akanipa, akanionyesha namna ya kujikinga, akabaki mlangoni. Nikafunga mlango.

Nilimwosha. Uso, shingo, kwapa. Mgongo wake ulikuwa umejaa vidonda vya kulala. Nilimchana nywele. Nilimpaka mafuta miguuni, kwa sababu Chepkemboi hangetoka nyumbani na miguu iliyopauka, hata kwenda kisimani tu. Nilimwimbia kidogo, sauti ya pili, vile tulivyozoea. Ya kwanza haikuja.

Na hapo nikajua. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nilijua tu, kama unavyojua mtoto wako anapolia katikati ya wengine. Hii ndiyo. Kazi yangu ni hii.

Nililia njia yote ya kurudi. Kwa furaha! Mtu akisoma hapa atasema nina wazimu. Lakini hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 12 Julai

Mama mkwe — watoto humwita kogo, yaani bibi, nami namwita hivyo — amefika kabla sijaamsha moto. Amechukua vibuyu vyote vya mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka rafuni akavipeleka kwake. Eti nisiguse maziwa. Zamani aliyeshika maiti alinyolewa, akakaa kando, akaletewa chakula chake peke yake mpaka atakaswe. Nikamwambia, kogo, sisi tumeokoka. Akasema ndiyo, ameokoka, lakini maziwa hayajaokoka.

Ningecheka kama si uchungu. Vibuyu nimevisafisha mimi, kwa mkaa niliouchoma mimi, ng'ombe namkamua mimi. Leo amekamuliwa na Noah, mume wangu. Ng'ombe hamjui. Amempiga teke, ndoo ikamwagika. Noah akaingia na matope mpaka gotini, akaiweka ndoo tupu mlangoni.

Jumapili, 14 Julai

Afadhali niandike nisije nikavunja kitu.

Mchungaji Kipruto leo amehubiri juu ya mila za giza. Amepiga meza. Amesema Wakristo wa Bomet mguu mmoja uko kanisani, mwingine uko kwa mababu. Amina, tukasema. Mimi nilisema kwa nguvu kuliko wote.

Baada ya ibada naingia jikoni mwa kanisa kama kawaida. Edinah ananishika bega. "Mama Sally, pumzika tu kidogo. Wewe umechoka na matanga." Nikamwambia sijachoka. Akasema wenzako wamesema upumzike. Wenzangu wakainama kwenye sufuria. Nikachukua chupa ya chai kwa nguvu, nikatoka nayo, nikammiminia mchungaji mwenyewe kikombe kimejaa. Akatabasamu. Akakiweka chini. Akasema tumbo lake leo si zuri. Dakika hiyo hiyo Edinah akaleta chupa nyingine. Tumbo likapona!

Mguu mmoja kanisani, mwingine kwa mababu. Leo nimeuona mguu wake huo mwingine.

Jumatano, 17 Julai

Mama mmoja amekuja kwa miguu kutoka upande wa Sigor. Ameuliza kwa majirani: yule anayeosha anakaa wapi? Aliyekufa ni dada yake. Ugonjwa ule ule. Nimeenda.

Nimerudi na amani. Sijui kuiandika. Kesho yake wanawake tunaochuma nao kwa zamu wamenihamishia safu ya pembeni kabisa, mimi na kikapu changu na ukungu. Vizuri. Huko naomba bila kusumbuliwa. (Hii nimeongeza Alhamisi.)

Jumamosi, 20 Julai

Nimeitwa na kamati. Wazee, mchungaji, Edinah. Noah naye amekaa upande wao, kwa sababu anatawazwa kuwa mzee wa kanisa Jumapili ya tarehe ishirini na nane. Desturi yetu ni kwamba mke husimama kando yake wakati wa kuwekewa mikono, halafu wachungaji wanakula nyumbani kwake. Sasa wachungaji kutoka Kericho watakulaje nyumbani kwa mtu kama mimi? Hawakusema "mtu kama mimi." Walisema "hali ilivyo."

Wanataka niombewe nitakaswe, halafu niseme mbele ya kanisa kwamba nimeacha.

Nimeuliza: nitakaswe kutoka kwa dhambi gani? Mzee mmoja akakohoa. Mchungaji akasema si dhambi, ni busara, tusiwakwaze walio dhaifu. Nikamwuliza, walio dhaifu ni nani, mchungaji, ni wewe? Noah akafunga macho.

Nikawauliza swali moja tu. Umoja wetu ni Dorkasi. Dorkasi alipokufa, kabla Petro hajafika, aliwekwa chumba cha juu akiwa ameshaoshwa. Imeandikwa. Ni nani alimwosha? Edinah akafungua Biblia, akatafuta, akasoma moyoni. Nikaona midomo yake ilipofika pale. Akaifunga.

"Jina halikuandikwa," akasema.

Halikuandikwa! Basi hiyo ndiyo sehemu yangu. Wao wachukue jina, mimi nichukue maji.

Jumatatu, 22 Julai

Noah hajanigombeza. Ningependa anigombeze. Amekaa kwenye kiti cha nje, akachonga fimbo bila sababu. Akasema baba yake alikuwa mtu wa kufagia kanisa tu, hakuna aliyewahi kumwomba hata afunge ibada. Akasema Mama Sally, mimi sisemi unachofanya ni kibaya. Chepkemboi ulimfanyia vizuri, niliona. Nakuomba mpaka Jumapili tu. Jumapili moja. Ukae safi, usimame na mimi, halafu tutaongea.

Safi! Hata yeye. Neno lilimtoka akalisikia mwenyewe, akaangalia pembeni.

Nikamwambia, na mtu akifa wiki hii?

Akasema Mungu atampata mtu mwingine wa wiki moja.

Nimekubali. Nampenda huyu mwanamume na nimekubali, na nina hasira naye, na nafsi yangu zaidi.

Jumamosi, 27 Julai

Edinah amehamia jikoni kwangu. Amekuja na wenzake, masufuria yao, hata vijiko vyao. Mimi nimeambiwa nikae sebuleni kama bibi harusi. Nawasikia wakitafuta chumvi. Sijawaambia iko wapi. Mungu anisamehe, wamehangaika mpaka wakamtuma Sally kwa jirani.

Jumapili, 28 Julai

Naandika chumbani, haraka, maji yakichemka.

Tulikuwa tumevaa, tunangoja wachungaji wapite kunywa chai kabla ya ibada. Kitenge changu kipya, Noah na suti. Mtu akabisha nyuma, mlango wa jikoni. Ni Omariba, Mkisii anayefanya kazi kwenye shamba kubwa la chai, anakaa kwa nyumba za wafanyakazi kule ng'ambo. Namjua kwa sura tu. Shati limefungwa vifungo vibaya. Edinah akamwuliza anataka nini. Akasema namtafuta mama wa kuosha.

Mke wake, Nyatichi. Amefariki alfajiri akijifungua, yeye na mtoto. Damu haikusimama. Majirani wamekimbia, wanawake wa huko wanaogopa, wengine ni watu wa kwetu, nao wanasema mzazi aliyekufa hivyo haguswi. Ndugu zake wako njiani na pickup, wampeleke kwao, ng'ambo ya Ndanai.

Akaniambia: "Mama, mimi siwezi. Nimejaribu. Mkono unakataa. Na mama yake ako hai, atamfunua aone. Asimwone hivyo. Hivyo tu ndiyo naomba."

Nilikuwa na wiki yangu niliyomwahidi Noah, imebaki saa chache! Nikamwangalia Noah. Alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote.

Edinah akasema baba, nenda zahanati, huyu mama ana siku kubwa leo. Alisema kwa upole kabisa. Upole huo ndio ulionimaliza. Nikachukua sufuria kubwa iliyokuwa mekoni. Akasema, "Mama Sally, hayo maji ni ya chai ya wachungaji." Nikamwambia najua ni ya nani. Nikairudisha motoni, maji ya kumwoshea Nyatichi, nikaongeza kuni.

Nimekuja huku kuvua kitenge. Noah amenifuata, ameketi kitandani, tai mkononi. Hajui kuifunga, siku zote ninamfungia mimi. Nimemfungia. Fundo likaja upande, nikarudia. Akaniuliza kama nitarudi kabla ya kuwekewa mikono. Nikasema hapana. Nisimdanganye. Akauliza, "Nani atasimama pale na mimi?" Nikasema sijui, Baba Sally. Kweli sijui. Nimelia kidogo na yeye pia, halafu nikakasirika tena, kwa sababu hakuna kitu mahali popote kwenye Biblia yangu kinachosema lazima nichague.

Akatoka bila kusema nenda wala baki.

Glavu ninazo. Mafuta ninayo. Gauni langu la bluu la kwaya, kama hana lake.

Namwona kwa dirisha. Omariba amechuchumaa kwenye majani ya chai, uso kwa viganja. Noah amesimama katikati ya ua na suti yake, kati ya Omariba na lango. Gari la wachungaji limefika. Linapiga honi lifunguliwe. Edinah anaita kutoka jikoni, Baba Sally, wageni! Baba Sally!

Honi tena.

Noah hajaenda kufungua.