Njaa ya Darasa la Saba

Mjomba Athumani,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikatulia kungoja marahaba yako, mjinga mimi. Barua zangu zote nilizokuletea kutoka chuo cha ualimu zilianza na mimi ni mzima, hofu ni juu yako uliye mbali na macho yangu. Leo siwezi kuandika hivyo. Wewe umeshapumzika, na hofu yote imebaki huku kwangu. Tangu Bwana Elimu wa wilaya aje shuleni mikono yangu haijatulia. Watoto wamekwenda shamba la shule, mimi nimebaki darasani peke yangu, upepo unagongagonga dirisha lile ulilokuwa ukilitilia kipande cha gunia, na nimeona nikuambie wewe kwanza.

Alikuja kwa ajili ya vyombo vya bendi. Udongo wa kaburi lako haujakauka vizuri, Mwalimu Mkuu akaniita ofisini. Ni mkuu mpya huyu, hukumkuta, yule wetu wamemhamisha. Akaniambia wilaya inataka kuzipeleka tarumbeta zetu mjini Singida, kwenye shule yenye mwalimu aliyesomea muziki, kwa kuwa huku mwalimu amefariki na watoto wanapuliza tu. Nikamwambia mwalimu yupo. Akaniuliza ni nani. Nikasema ni mimi. Nilisema kabla sijafikiri, Mjomba, na unajua mimi ni mwalimu wa hesabu, na kwenye bendi yako sikuwahi kushika kitu zaidi ya ngoma. Ulinipa ngoma kwa sababu, ulisema, mikono yangu ina fujo.

Basi Bwana Elimu akaleta habari kwamba atakuja mwenyewe awapime watoto, darasa kwa darasa, aone malengo ya kila darasa ni yapi na kama yamefikiwa. Yakiwa hayajafikiwa, gari litakalomleta ndilo litakaloondoka na vyombo.

Malengo! Yako nilikuwa nayo kichwani tangu utoto. Wa darasa la tano ashike pumzi, na ajue chai na uji. Wa la sita ajue ugali na maharage, na asome alama za muziki ubaoni bila kuguswa bega aingie. Wa la saba ajue njaa. Nilimweleza Mwalimu Mkuu kama ulivyotueleza sisi, kwa kugonga meza. Chai ni pigo moja. U-ji, mawili ndani ya pigo hilohilo. U-ga-li, matatu. Ma-ha-ra-ge, manne, tena bila kukimbia. Na njaa ni lile pigo ambalo hupigi kitu. "Njaa haisemwi," ulikuwa ukituambia, "mnaihesabu tumboni. Anayeiruka anamvamia mwenzake." Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na ndiyo maana uliliweka la saba. Kupiga kila mtoto anataka. Kungoja zamu yake sawasawa, hapo ndipo ulipokuwa ukitukemea kwa Kinyaturu mpaka tukanyooka.

Mwalimu Mkuu alinisikiliza vizuri hadi nilipofika kwenye njaa. Hapo akainuka akafunga mlango.

Hujui mwaka ulivyokuwa. Mvua zilikatika uwele ukiwa haujapita magoti. Mtama wa Mungaa wote umekauka umesimama. Watoto wanakuja shuleni wamekunywa maji matupu, wengine wanalala juu ya madawati kabla ya saa nne. Lakini katika mkutano wa kijiji Katibu wa Chama alituambia hapa hakuna njaa, kuna upungufu wa chakula. Mzee mmoja aliyelitamka neno lile sokoni Issuna aliitwa ofisini, akashinda kwenye benchi kutwa nzima akijieleza. Na huyo Katibu ndiye aliyekuwa aje pamoja na Bwana Elimu. "Mwalimu Mwajuma," mkuu akaniambia, "nakuomba kama mwenzangu na nakuamuru kama mkuu wako. Siku hiyo neno hilo lisisikike."

Nikawabadilishia. Nikawaambia sasa hatusemi njaa, tunasema kimya. Mjomba, ilikuwa aibu. Walinyamaza kweli, lakini hakuna aliyehesabu. Kila mmoja aliingia kwa wakati wake, kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Halafu hapakuwa na wa kulipiga Dume liwashikilie. Lile tarumbeta lako kubwa lilikuwa limekaa pembeni kwenye kiti chako, hakuna mtoto mwenye kifua cha kulijaza, na wimbo wetu ulikuwa mwepesi chini, kama nyumba isiyokandikwa. Niliwakaripia. Niliwapigia kelele mpaka Tabu wa la saba akalia, yule binti mwembamba uliyemfundisha tarumbeta ndogo. Mwishowe nikawaambia, haya, hesabuni njaa yenu, lakini atakayeulizwa aseme kimya. Wakaitikia wote ndiyo mwalimu. Sikulala vizuri hata hivyo.

Walikuja asubuhi kwa Landrova. Bwana Elimu ni mrefu, mpole, ana mtindo wa kupiga mluzi kidogo kidogo akiwa anafikiri. Katibu alikaa dawati la mbele akaweka kalamu juu ya goti. La tano wakashika pumzi vizuri, hata Jumanne mwenye pengo, ambaye ulisema upepo wote utatokea pale. La sita wakasoma ubaoni. Bwana Elimu aliposikia maharage alicheka, akarudia mwenyewe kwa kugonga viatu. Nikaanza kupumua.

Kwa la saba akashika chaki, akachora ile alama ya kunyamaza. Akamwonyesha Tabu. Hii ni nini?

Tabu alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Nilikuwa nasema moyoni, kimya, mwanangu, sema kimya.

"Njaa, bwana."

Nilisikia bati likilia kwa upepo. Katibu akasimama. Akauliza ni nani aliyewafundisha watoto kusema kuna njaa. Hakumuuliza Tabu, aliliuliza darasa zima, na macho yake yakaja yakaishia kwangu. Mjomba, nakwambia ukweli, lilinijia wazo la kukutaja wewe. Ungekuwa ukweli, tena marehemu haitwi ofisini. Niliona benchi lile. Nilimwona mama, dada yako, akiniletea chakula pale. Nikasema, "Ni mimi, ndugu Katibu."

Kabla hajanijibu, Tabu akaendelea kama mtu aliyeulizwa. Akasema njaa ni pale wewe hupigi na mwenzako anapiga. Akasema hulali, unahesabu, kwa sababu ukiiruka unamvamia mwenzako na wimbo unaharibika. Alisema hayo yote akiwa ameshika tarumbeta kwa mikono miwili. Katibu akamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitegemea kwake, na ikiwa ndefu je?

"Unahesabu mpaka iishe, bwana. Inaisha."

Katibu aligeuza shingo akatazama nje, kwenye shamba la shule lililokauka, kisha akakaa.

Bwana Elimu akasema tupige. Tukapiga ule wimbo wako wa kutembea, ule uliotoka nao kwenye bendi ya askari wa mkoloni ukaupunguza kasi upate kuwafaa watoto. Unajua pale katikati ambapo wote wananyamaza na Dume linatembea peke yake. Nilipaogopa pale kuliko mahali pengine popote. Tulifika, watoto wakanyamaza, na hapakuwa na Dume. Palikuwa na upepo tu. Katibu akadhani tumemaliza, akapiga makofi. Hakuna mtoto aliyegeuka. Niliona midomo yao imefungwa na vidole vikihesabu pembeni ya vyombo, na makofi yake yakafifia yenyewe. Nilijua kama mmoja tu ataingia mapema, gari linaondoka na vyombo. Kisha wakaingia, wote, kwa pigo moja. Mjomba, nilipiga ngoma huku nalia na wala sikujali nani ananiona.

Bwana Elimu alisema vyombo vibaki. Malengo ya la saba akayakubali, ila neno njaa lisiandikwe kwenye karatasi ya wilaya. Katibu akashauri tuandike upungufu. Bwana Elimu akahesabu kwa vidole, u-pu-ngu-fu, akamwambia, hiyo ni maharage, Katibu. Tulicheka wote, na Katibu naye akacheka kidogo.

Nilidhani yamekwisha. Ndipo Bwana Elimu akaliona Dume. Akauliza nani analipiga. Watoto wakakitazama kiti chako. Akasema chombo kisicho na mtu hakiwezi kukaa bure wakati mjini kuna watoto wakubwa wanaogombania, na alilisema hilo kwa upole uleule, nikakosa hata pa kumchukia. Nilibisha. Nikamwambia ni la Mwalimu Athumani. Akanijibu kwamba lilikuwa la Mwalimu Athumani. Nilivua kanga yangu ya mabegani nikalifunga mdomo mpana vumbi lisiingie, wakaliweka nyuma ya gari. Halafu akafanya jambo ambalo bado nalifikiria. Alichomoa kile kidomo cha kupulizia, akanikabidhi. Akasema anzeni na hiki, na siku mkipata mtoto anayeweza kulijaza, mleteni alipulize mbele yangu, mtarudi nalo.

Ninacho hapa mezani. Kimelika upande mmoja, pale ulipokuwa ukikibana na jino lako bovu.

Jana nilipita kwako. Huku wote tumehamia kijijini, nyumba zimepangwa mistari, na pale kwetu ni mahame sasa. Paa limeng'olewa, kuta zinaliwa na mchwa. Minyaa ya ua wa boma imebaki, na kaburi lako liko salama upande wake wa ndani. Nilikumbuka siku ya mazishi, shehe alivyokataza tarumbeta makaburini, na watoto walivyosimama nje ya minyaa ile na vyombo kwapani. Siku ile nilidhani wamesimama tu kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Nilipomuuliza Tabu jana akanishangaa. Walipiga wimbo wote, akasema, kwa njaa, mwanzo mpaka mwisho. Nilikaa chini pale pale. Sijui kama nilikulilia wewe au nilililia Dume. Nakukumbuka sana, Mjomba. Zile siku za mwisho kifua kilipokubana, nilikuwa nakaa mlangoni nasikiliza pumzi zako na kuzihesabu, maana ndicho ulichonifundisha kufanya pasipokuwa na sauti.

Leo asubuhi tumefanya mazoezi. Tulipokaribia ile sehemu ya Dume, mtoto mmoja wa la sita akanong'ona, mwalimu, pale kwa Mwalimu Athumani tunafanyaje? Niliinua mkono, wakanyamaza, tukahesabu wote. Hakuna aliyeingia mapema. Baada ya hapo nikampa Jumanne kile kidomo. Amekipuliza hadi mashavu yakamuuma, kinatoa sauti ya ndama aliyepotelewa na mama yake, na upepo mwingi unatokea kwenye pengo kama ulivyosema. Lakini ana kifua, Mjomba. Yuko la tano. Anayo miaka ya kukua, na Mungu akitupa mvua atapata na chakula cha kukulia.

Nakuahidi hili moja. Nitampeleka mjini kwa mkono wangu, iwe Jumanne au mwingine atakayemzidi, alipulize mbele ya Bwana Elimu, na turudi na Dume pamoja na kanga yangu. Mpaka siku hiyo mahali pako hatumpi mtu wala hatupajazi kwa kelele. Nimeliandika lengo hilo la kungoja chini kabisa ya karatasi ya la saba, kwa maneno ya wilaya, ila watoto wanajua jina lake.

Mwenyezi Mungu akurehemu, mjomba wangu. Lala. Sisi tunahesabu, na Tabu anasema inaisha.

Ni mimi mpwa wako mwenye mikono ya fujo,
Mwajuma