214271 Inagawanyika

Mpendwa Mama Nyambura,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla sijaeleza lolote nakuomba radhi. Nimegawanya bila wewe.

Ni wewe uliyeiona nambari yetu siku ya arusi, pale misheni Thika, kwenye ubao wa nyimbo: wimbo wa 214, na chini yake 271. Ukaninong'oneza padri akiwa mbele yetu, "Ziunganishe. Hiyo ni nambari tasa, haigawanyiki." Mimi nilidhani unasali.

Tulipostaafu hapa Ruiru tukaanza kuijaribu, Jumapili baada ya chai, kigawanyo kimoja tu kwa siku. Mmoja agawanye, mwenzake akague; kupiga hesabu kwa simu ya binti yetu Nyambura ulikukataa katakata. Nami nilipokosea ulinisuta, "Aca, sivyo, mzee! Umeruka mstari. Hata padri aliyekufundisha angekuchapa."

Mara ya mwisho tuligawanya kwa 349, ikabaki 334. Kikombe ulikishika kwa mikono miwili. Ukasema twende kwa inayofuata, 353, kwani zilisalia chache kufika 461, tasa ya mwisho ya kujaribiwa, na tukivuka hapo tungekuwa na hakika. Nikakujibu kwamba umechoka, tungoje Jumapili ijayo. Hukuwa umechoka, mama. Nilikuwa nimechoka mimi.

Jumapili hiyo tulikuwa makaburini Kalimoni, tukikuzika.

Sasa Nyambura ameagiza jiwe la kaburi kwa fundi mmoja wa Thika. Chini ya jina lako anataka ichongwe nambari yetu, na neno "Haigawanyiki", maana uliwaambia watu wote hivyo, hata wauguzi. Akaniuliza, "Baba, si ni kweli?" Nikaitikia kwa kichwa. Niliporudi nyumbani dhamiri ilinisumbua, nikachukua kalamu.

353 inaingia mara 607. Haibaki kitu. Nilirudia, nikarudia tena, nikiomba niwe nimekosea.

Wiki nzima sijamwambia Nyambura. Nilijaribu hata kujifariji: 353 na 607 zote ni tasa, hakuna jozi nyingine izaayo nambari yetu, basi huenda ndio sisi wawili. Ungenicheka. "Hayo ni mahubiri, Baba Nyambura, si hesabu."

Kinachoniuma si kwamba ulikosea. Ungalipiga kelele za furaha mpaka wapangaji wa juu washuke kuuliza kuna nini. Ilikuwa hatua moja tu, nawe uliiomba, nami nikakunyima kwa uvivu nikauita huruma. Nisamehe. Sijui kama husamehewa mtu asiyeweza kujibiwa, lakini naomba.

Kesho asubuhi, fundi hajashika patasi, nitakwenda kwa binti yetu nimwambie niliitikia nisilolijua. Jiwe litaandikwa 353 mara 607, na nitasimama hapo nikague kila tarakimu. Juu yako haitachongwa hesabu isiyo kweli, hata kwa mapenzi.

Pumzika kwa amani ya Bwana, mwalimu wangu.

Mumeo mwenye majuto,
Baba Nyambura